Kitanda cha Mwongozaji

Mume wangu hulala na viatu. Nalisema hili mapema ili asije mtu akashangaa mbele ya safari. Akirudi kutoka hospitalini, ambako kazi yake ni kusukuma machela, hukaa ukingoni mwa kitanda ili avue viatu, huinama, na hapo hapo usingizi humbeba, vidole vikiwa bado kwenye kamba za kiatu. Miaka ya mwanzo ya ndoa nilikuwa namvua. Baadaye nami nikachoka. Nikamwambia sikuolewa ili niwe navua watu viatu, na tangu hapo shuka yetu upande wake ina weusi usiotoka hata niiloweke kutwa.

Uwanjani wanamwita Miwani. Kocha ndiye aliyemtungia jina hilo, na limemganda kiasi kwamba hata wauguzi kazini kwake siku hizi wanalitumia. Ni kwa ajili ya wifi yangu, mdogo wake wa kike, ambaye haoni kabisa na ambaye ni mkimbiaji. Asiyeona hakimbii peke yake. Anakimbia na mwongozaji pembeni, wameshika kamba fupi, huyu mwisho mmoja na yule mwisho wa pili, mikono yao ikienda pamoja mbele na nyuma. Kamba yao niliishona mimi, maana kazi yangu ni kushona mashuka na foronya, na mabaki ya kitambaa sikosi.

Wifi nilimkuta humo humo kwenye ndoa. Homa ilimchukua macho akiwa mdogo, wazazi wao wakafariki wakifuatana, kaka mtu akabaki kuwa baba, mama na fimbo ya kutembelea. Siku za kwanza alizoishi kwangu, binti alikuwa hatoki nje. Akifika mlangoni anagandamana na ukuta. Mimi nilidhani ni maringo. Kumbe alikuwa anaogopa uwazi, ile hali ya kunyoosha mkono na usiguse kitu.

Sasa tazama alichofanya mume wangu. Mgonjwa aliyelazwa chali juu ya machela haoni anakopelekwa. Anaona dari tu, na machela ikigonga kizingiti moyo unamruka. Kwa hiyo mume wangu ana mazoea ya kumnong'oneza: kizingiti hicho, tunakata kushoto, tunateremka kidogo, tumefika. Wasukuma machela wenzake humcheka, wanasema anapiga soga na mizigo. Sauti hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia kwa dada yake. Alimshika mkono akamtoa nje mpaka kwenye kiwanja cha shule kilicho nyuma ya nyumba yetu, kizingiti hicho, tunakata kushoto, wakawa wanatembea, baadaye wakawa wanatembea haraka, na siku moja binti akaanza kukimbia. Hakuna aliyemsimamisha tena.

Hivyo ndivyo usingizi ulivyotoka nyumbani kwetu. Kila alfajiri nasikia bomba la nje likifunguliwa, nasikia kikohozi cha mume wangu, nasikia wifi akimwambia, "Twende kaka, kunakucha." Wakirudi wameloa jasho. Wifi anaoga, anajipaka mafuta, anakwenda kwenye ofisi moja ya bima ambako anapokea simu, na huko anakaa kwenye kiti cha kuzunguka mpaka jioni. Mume wangu anakwenda kusukuma machela kwenye jengo ambalo lifti yake inafanya kazi ikijisikia. Mmoja anaipumzisha miguu, mwenzake anaimalizia kazini. Mimi nililiona hilo mapema sana, na nililisema, ila katika nyumba ya wakimbiaji asiyekimbia hana sauti.

Mwaka ninaousimulia kulikuwa na mashindano makubwa, yale yanayokusanya michezo ya kila aina na nchi nyingi mahali pamoja, na wanariadha wenye ulemavu wangesafiri kwenye msafara mmoja na wengine. Wifi alikuwa hajawahi kwenda. Mara mbili alifika mpaka kambini, mara mbili jina likakatwa siku za mwisho. Umri nao ulikuwa haumsubiri. Alituambia waziwazi kwamba akikosa safari hii anaacha kukimbia, na kwa jinsi alivyokuwa anakunja soksi zake wakati akisema, nilijua hatanii.

Mtu wa nje hudhani timu ya taifa huchaguliwa kwa mbio. Nami nilidhani hivyo mpaka niliposindikizana na wifi kwenye kikao chao, kwenye ukumbi wa viti vya plastiki na feni moja inayozunguka kwa kunung'unika. Mwenyekiti wa kamati ya uteuzi, baba mwenye sauti ya upole na habari mbaya, alitueleza kwamba timu huchaguliwa kwa vitanda. Waandaaji huipa kila nchi vitanda kadhaa kwenye kijiji cha wachezaji, basi. Mabondia wanataka vyao, waogeleaji vyao, mpira wa wavu ni kundi zima, halafu kuna makocha, kuna daktari, na kuna viongozi ambao hawakimbii wala hawarushi kitu lakini nao wanalala.

"Sasa mkimbiaji asiyeona," alisema mwenyekiti, "anakula vitanda viwili, chake na cha mwongozaji. Mrusha tufe anakula kimoja. Nyinyi mngekuwa mimi mngefanyaje?"

"Tutalala mzungu wa nne, mheshimiwa," wifi akajibu. "Kaka yangu hakoromi."

Ukumbi uliangua kicheko. Mwenyekiti mwenyewe alicheka kidogo, akafuta uso kwa leso. "Fikia kiwango, dada," akamwambia, "nami vitanda viwili nitavipigania. Usipofikia sitakuwa na la kuwaambia wenzangu." Kiwango ni muda ambao kamati imeuweka, ukiuvuka umebaki nyumbani. Mbio za wifi ni mita elfu tano, yaani kuuzunguka uwanja mpaka mtazamaji asahau wamezunguka mara ngapi.

Mchujo wa kwanza nilikwenda kuutazama. Walianza vizuri. Katikati niliona mwendo unashuka, wote wawili, taratibu, kama watu wanaomsubiri mtu wa tatu. Walikosa kiwango kwa muda wa mtu kupiga chafya. Kocha wao, mama mwenye filimbi shingoni na magoti yaliyokwisha, aliitazama saa, akaitikisa, akaitazama tena.

"Miwani, vipi?"

"Leo kulikuwa na joto, kocha. Mchujo wa pili tutafikia."

Kocha akamgeukia wifi. "Mchujo wa pili ndio wa mwisho," kocha akasema. "Baada ya hapo msinililie."

Jioni ile mume wangu alikula akiwa ameegemea meza. Wifi alipokwenda kuoga, akanisogelea. "Mke wangu, hili libaki kwako. Wifi yako ameanza kushuka. Kamba naisikia, inakaza. Inabidi nimpunguzie mwendo, asije akakatika pumzi mbele za watu." Nikamwonea huruma wifi. Sikulala vizuri.

Siku mbili baadaye nilikuwa nakunja nguo na wifi. Yeye hukunja vizuri kuliko mimi, pembe kwa pembe. Akasema, "Wifi, nikwambie kitu, lakini usimfikishie kaka. Kaka amechoka. Kamba naisikia inavyokaza. Nampunguzia mwendo, masikini, asije akaanguka."

Nilibaki na foronya mkononi. Nilitaka kucheka, halafu nikataka kuwachapa wote wawili kwa mwiko. Kamba ile, kama ulikuwa hujui, inatakiwa ilegee. Ikilegea, kila mtu yuko mahali pake. Mwongozaji haruhusiwi kumvuta mkimbiaji hata kidogo, wala kufika mbele yake kwenye mstari wa mwisho. Ikikaza maana yake kuna mtu amebaki nyuma. Tatizo ni kwamba kamba iliyokaza inakaza kotekote. Ukiishika upande huu au upande ule, uzito ni ule ule, na kila mmoja akiisikia anasema, ah, mwenzangu huyo. Basi hawa ndugu wawili walikuwa wanahurumiana kwa miguu. Huyu anapunguza kwa ajili ya yule, yule anapunguza kwa ajili ya huyu, na kiwango kinawapita wakiwa wameshikana mkono.

Nilijaribu kukaa nalo moyoni. Sikuumbiwa hivyo. Kabla wiki haijaisha, tukiwa mezani wote watatu, nikaweka kijiko chini nikawapa vidonge vyao.

"Nyinyi mnapunguziana," nikasema. "Wewe unadhani amechoka yeye. Na wewe unadhani amechoka yeye. Mnatembea kama maharusi, na timu inakwenda bila nyinyi."

Wifi aligeuza uso kule alikokaa kaka yake. "Kaka, kweli unanipunguzia?"

"Na wewe unanipunguzia?"

Wakaanza kucheka, tena kile kicheko cha kuumiza mbavu, nami nikacheka, na kwa muda mfupi nikadhani nimemaliza kazi. Mume wangu akapiga meza akasema kesho hakuna kuoneana huruma, kila mtu akimbie alicho nacho, tuone. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Sikuwa nimeyaona hivyo muda mrefu.

Alfajiri niliwafuata. Nilijifunga shuka mabegani nikakaa kwenye ngazi za darasa la mwisho. Waliondoka pamoja, kamba imelegea, sauti ya mume wangu naisikia wakija upande wangu: kona, nyoosha, kona. Mizunguko ya kwanza nilijisifu kimoyomoyo. Kisha nikaona mkono wa mume wangu umeanza kunyooka kwenda mbele. Wifi alikuwa hatua moja mbele yake, kisha moja na nusu, na mkono wa kaka mtu umevutwa kama wa mtoto anayepelekwa shule hataki. Aliendelea kutaja kona. Pumzi ilikuwa imekwisha lakini kona alizitaja, kwa sauti ya mtu anayekabwa, mpaka sauti nayo ikakata. Wifi alipoacha kuisikia akasimama papo hapo.

"Kaka?"

Alikuwa amepiga magoti kwenye majani, kamba bado mkononi. "Tumefika," akasema.

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Tulirudi nyumbani, wifi akiwa katikati yetu, naye mume wangu akaoga akaenda kazini kama kawaida. Nilijua nilichokivunja. Alikuwa ameamini kwa moyo wake wote kwamba anajizuia, kwamba miguu ipo, ameiweka tu akiba kwa ajili ya dada yake. Mimi na mdomo wangu ndio tuliomwonyesha kwamba akiba haipo. Nilijuta, na bado nadhani nilifanya sawa. Yote mawili ninayo mpaka leo.

Siku chache hazikupita mume wangu akaja na Twiga. Twiga ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, mrefu mpaka anainama kwenye milango isiyomhusu, na alikuwa akifanya mazoezi kiwanja kile kile. Kwenye mbio zake mwenyewe kila mwaka huwa wa nne. Hajawahi kuwa wa tatu, kwa hiyo hajawahi kuitwa popote. Miguu alikuwa nayo. Tatizo lake lilikuwa mdomo. Mara ya kwanza kukimbia na wifi alimsimulia mawingu, ndege, rangi ya paa la shule na mbwa aliyekuwa anakatiza, na kona akaisahau, wakaishia kwenye ua.

"Shemeji, nilijisahau," aliniambia nilipokuwa nampaka wifi dawa gotini.

"Ulijisahau nini, wakati ulikumbuka mpaka mbwa?"

Mume wangu hakumgombeza. Alimchukua siku moja mpaka hospitalini, zamu ikiwa imetulia, akamlaza chali juu ya machela tupu, miguu ikining'inia nje, akamsukuma kwenye korido ndefu bila kusema neno. Kwenye kizingiti Twiga alipiga yowe mpaka wauguzi wakatoka. Kisha akamrudisha njia ile ile, safari hii akimnong'oneza kila kitu kabla hakijafika. Twiga aliporudi uwanjani alikuwa mtu mwingine. Akawa anasema maneno machache, na anayasema mapema.

Wifi alimkubali kwa shingo upande. Sheria ya mbio ndefu inaruhusu waongozaji wawili wapokezane kwenye sehemu iliyonyooka upande wa pili wa uwanja, kwa hiyo akasema sawa, nusu kaka, nusu Twiga. "Huyu ni wa kutuvusha tu kwenye mchujo," aliniambia. "Kule nitakwenda na kaka yangu. Kule hata tukiwa wa mwisho tutakuwa tumekwenda." Nilimtazama mume wangu. Yeye alikuwa anatazama sahani yake.

Tulipobaki wawili nilimuuliza.

"Kitanda cha mwongozaji ni kimoja," akasema. "Kocha nimeshazungumza naye. Akifikia kiwango, aandikwe Twiga."

"Na yeye utamwambia lini?"

"Akishafikia. Akijua sasa hatakimbia."

"Atakula nyama yako."

"Ale," akasema, na kabla sijamjibu alikuwa amelala, na viatu.

Mchujo wa pili, wote walifungwa vitambaa vyeusi machoni kama ilivyo desturi yao, hata wasioona kabisa, ili asiwepo wa kumwonea mwenzake. Mume wangu alikimbia nusu yake kwa kujikaza kisabuni. Nilikuwa na roho mkononi, lakini kamba haikukaza. Upande ule wa pili Twiga alikuwa anasubiri, akaanza kukimbia pembeni yao, na kwa kufumba na kufumbua mkono ukapokea mkono. Wifi akaondoka. Sijui neno jingine. Ilikuwa kana kwamba mtu amefungua mlango.

Watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Mimi nilimtazama mume wangu, kule ng'ambo, amesimama kwenye majani mikono magotini, akigeuka polepole kumfuata dada yake uwanja mzima. Midomo ilikuwa inacheza. Kila walipokaribia kuzunguka, midomo yake ilitaja kona.

Wifi alifikia kiwango na muda ukabaki. Kocha alipuliza filimbi bila sababu yoyote. Wifi alivua kitambaa usoni akawa anageuka huku na huku katikati ya vigelegele, anaita, "Kaka! Kaka uko wapi?" Kaka alikuwa bado upande wa pili. Alikuja akitembea, na uwanja ni mkubwa ukiuvuka umechoka.

Majina yalisomwa ukumbini wiki iliyofuata, na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeyasoma. Jina la wifi lilipotajwa nilimkumbatia mpaka kiti cha plastiki kikapasuka mguu. Mwenyekiti akaendelea: "Mwongozaji wake," akataja jina ambalo sikuwahi kulisikia. Lilikuwa jina halisi la Twiga. Hata mimi nilikuwa silijui.

"Huyo ni nani?" wifi akaniuliza, bado anacheka. Nilichelewa kumjibu kwamba ni Twiga. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

Nje kwenye ngazi, aliuachia mkono wa kaka yake. "Umeniuza," akasema. "Umeniuza kwa Twiga, na wote mlijua. Wewe wifi ulijua. Nilikuwa nakula na nyinyi meza moja." Hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa afadhali. "Siendi. Wampe mrusha tufe hivyo vitanda."

Mume wangu alijaribu yale yote ambayo mtu hujaribu. Alisema ni kwa faida yake, akasema taifa, akasema atamtazama kwenye televisheni. Wifi alikuwa anatikisa kichwa tu. Watu walikuwa wanatupita wakijifanya hawasikii. Mwisho mume wangu akakaa kwenye ngazi, mzima mzima, kama gunia linaloshushwa.

"Nimechoka, mdogo wangu," akasema.

Mimi niliyeishi naye ndani ya nyumba moja, niliyemwona analala juu ya sahani, nilikuwa sijawahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Alikuwa husema joto, husema lifti, husema zamu mbaya.

"Si leo," akaendelea. "Nimechoka miaka. Nakupenda, na nikisikia bomba la nje linafunguliwa alfajiri natamani kulia. Nataka kulala."

Wifi akatafuta ngazi kwa mguu, akakaa karibu naye. "Mbona hukusema?"

"Ningesema ungeacha kukimbia."

"Ningeacha, ndiyo," akasema. Akapitisha mkono usoni pake. "Basi nenda kalale, kaka."

Msije mkadhani walipatana hapo hapo. Siku zote zilizobaki kabla ya safari alikuwa akisema naye kupitia kwangu. "Wifi, mwambie kaka yako asogeze chumvi." Namwambia si kaka yangu, ni wako, anasema mwambie hivyo hivyo. Alfajiri alikuwa anapitiwa na Twiga. Mume wangu, ambaye sasa angeweza kulala mpaka jua limtoe, alikuwa anaamka saa ile ile, anavaa viatu, anakaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza bomba la nje. Nikimwambia lala, anasema nitalala. Halali.

Siku ya safari basi la timu lilisimama kwenye barabara kubwa, limejaa suti za michezo za rangi moja, nyingine zikiwa kubwa kwa wenyewe. Twiga alifika kuchukua mabegi. Wifi akanikabidhi mkoba wake wa mkononi, akanyoosha kiwiko upande alikokuwa kaka yake.

"Nifikishe," akasema.

Wakatembea. Nilikuwa nyuma yao, nikasikia ile sauti ya kwenye machela: kuna shimo, pita huku, tunapanda, ngazi ya kwanza, ya pili, inamisha kichwa. Kwenye kiti akamwambia, "Tumefika." Aliposhuka basi lilikuwa tayari linanguruma.

Televisheni haikuonyesha mbio zake. Ilionyesha mpira. Siku hiyo mume wangu alikwenda kazini, akasukuma, akarudi, akakaa na simu mbele yake mezani kama mtu anayesubiri maji yachemke. Ilipoita niliipokea mimi nikaweka sauti kubwa. Nyuma ya wifi kulikuwa na kelele za watu wengi.

"Nimekuwa wa nne!" akapiga kelele. "Wifi, ni mkosi wa Twiga huu, hakuna kingine!" Tukamsikia Twiga akijitetea kwa mbali. Akatuambia juu ya mshindi, juu ya uwanja ulivyo laini miguuni, juu ya kijiji na vitanda vyake vyembamba ambavyo Twiga analala miguu ikiwa juu ya kiti. Alikuwa amefurahi. Nami nilifurahi mpaka nikawa naongea naye kwa wakati mmoja. Kisha akasema, "Kaka yupo?"

Mume wangu aliisogelea simu. Nilidhani atauliza muda. Nilidhani atauliza amejisikiaje mzunguko wa mwisho.

"Kamba ilikaaje?" akauliza.

Zile kelele za nyuma yake tukazisikia vizuri.

"Ililegea, kaka," akasema. "Mwanzo mpaka mwisho."

"Vizuri," akasema mume wangu. "Vizuri sana, mdogo wangu." Akanisukumia simu, akaingia chumbani.

Nilizungumza na wifi mpaka salio lake likakata. Nilipoingia chumbani nilimkuta ukingoni mwa kitanda, ameinama, vidole kwenye kamba za kiatu. Nilijua amelala. Nikamgusa bega ili nimlaze, ndipo nikaona hajalala. Alikuwa analia, kimya, na machozi yanadondokea kwenye viatu.

Nilipiga magoti sakafuni nikafungua kamba za kiatu cha kushoto, kisha cha kulia, nikavivua na soksi zake, nikavitoa nje ya mlango kwa sababu ya harufu. Niliporudi alikuwa amejinyoosha, miguu mitupu juu ya shuka.

Alfajiri hakuna bomba lililofunguliwa. Mimi ndiye niliyeamka saa ile, nikamtazama, nikalala tena.